Namba ya Ukaazi wa Ugenini Imepotea: Ukiwa Kalehe, Njia Ipi Haikamui Mfuko?

Tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yaliposhuka kutoka milimani na kufagia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Waliobaki hai walitafuta kwanza ndugu zao. Makaratasi yalikumbukwa baadaye sana, siku karani alipoyauliza. Januari 2025 vita vilifika Minova, na huko pia watu walikimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Bahasha ya hati ilibaki juu ya kabati.

Ndani ya bahasha hizo mlikuwa na kitu ambacho mwenyewe aliona hakina kazi tena: kadi ya ukaazi ya nchi aliyokwisha kuihama. Kalehe ni teritwari ya watu wanaokwenda na kurudi. Ng'ambo ya ziwa ni Rwanda, ambako kambi ya Kiziba, juu ya Karongi, imepokea watu wa upande wetu tangu 1996. Wengine walipita Uganda, katika makazi ya Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja. Wapo waliosoma Nairobi, waliofanya biashara Dubai, waliokaa Brussels au Paris kisha wakarudi. Kila nchi kati ya hizo ilimpa mgeni wake namba, na namba hiyo huombwa tena miaka mingi baadaye: unapodai pensheni ya miaka uliyofanya kazi, unapoomba visa upya, unapotaka kufunga akaunti ya benki, au ndugu aliye Ulaya anapojaza fomu za kukuunganisha naye.

Kabla ya kutoa hata franka moja, muulize anayekuomba: unataka namba tu, au unataka karatasi inayothibitisha namba? Watu wengi hawaulizi hivyo, na hapo ndipo gharama inapopanda bila sababu. Kama ofisi ya pensheni inataka namba tu ili ifungue faili lako, hakuna haja ya kadi mpya, wala cheti chenye mhuri, wala safari. Namba yenyewe haikufutwa siku ulipoondoka. Nchini Ubelgiji, kwa mfano, namba ya rejista ya taifa hubaki ya mtu maisha yake yote, hata akifutwa kwenye orodha ya wakaazi wa mji. Kwa Uhispania ni vivyo hivyo: ile namba ya wageni inayoanza na herufi X, Y au Z haibadiliki, ila cheti chake ndicho kinacholipiwa, na ada yake ni chini kidogo ya euro 10.

Njia ya kwanza haina bei, nayo ni kupekua. Usitafute kadi, tafuta karatasi yoyote ambayo namba ya kadi iliwahi kuandikwa juu yake. Karatasi ya mshahara. Mkataba wa nyumba. Kitabu cha benki. Risiti ya kodi. Kadi ya bima ya matibabu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa huko, maana mara nyingi namba za wazazi huandikwa humo. Aliyerudi kwa mpango wa UNHCR alipewa fomu ya kurejea kwa hiari, na juu yake mna namba ya faili la familia. Simu ya zamani isiyowaka tena ipelekwe kwa fundi kabla ya kutupwa: picha ya kadi uliyomtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp mwaka ule inaweza kuwa bado imo. Kisha mwombe yule yule mwenye nyumba, au mwajiri, au chuo, wakutafutie upande wao. Mwajiri aliyekukatia mchango wa pensheni alilazimika kukuandikisha kwa namba. Simu moja ya mega chache humaliza jambo ambalo wengine hulipia nauli.

Tuchukue mfano wa mama wa Nyabibwe aliyepika hotelini Kigali kuanzia 2009 hadi 2016. Alikuwa na namba mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ya kwanza ni ya kitambulisho, inayotolewa na NIDA, shirika la vitambulisho la Rwanda. Ya pili ni ya mfuko wa jamii. Alipoanza kazi mfuko huo uliitwa Caisse Sociale du Rwanda. Baadaye uliunganishwa na mfuko wa bima ya matibabu ya watumishi, RAMA, kwa sheria ya mwisho wa 2010, ukawa RSSB. Kwa hiyo karatasi zake za mwanzo zitakuwa na jina la mfuko ambao haupo tena, na hilo lisimtishe. Michango yake ilihamia RSSB, na huko ndiko atakakouliza.

Anaweza kuuliza akiwa wapi? Wengi hujibu: lazima Kigali. Si lazima. Kongo, Rwanda na Burundi zimo katika CEPGL, jumuiya iliyoundwa 1976, na mwaka 1978 zilitia sahihi Gisenyi mkataba wa usalama wa jamii unaoruhusu miaka ya kazi ya nchi moja kujumlishwa na ya nyingine. Maana yake kwa mama huyu ni kwamba dai lake laweza kupitia mfuko wa hapa nchini, CNSS, ule uliorithi INSS, nao ukawaandikia wenzao wa ng'ambo. Gharama ni fotokopi na nauli ya kwenda Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2. Ubaya wake ni uzito. Faili linatoka ofisi hii kwenda ile, na wakati mahusiano ya Kinshasa na Kigali yamechacha, usitarajie barua ziruke mpaka kwa haraka. Mwenye miaka 58 ana muda wa kungoja. Mwenye 63 na mguu unaouma ana haki ya kutafuta njia fupi zaidi.

Njia fupi, kwa maoni yangu, ndiyo inayotumiwa kidogo kuliko zote: barua ya kudai taarifa zako mwenyewe. Si barua ya kuomba huruma. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Oktoba 2021. Kenya na Uganda zina zao za 2019. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, RGPD kwa kifupi cha Kifaransa, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Zote zinampa mtu haki ya kuuliza: mna taarifa gani zangu? Namba yako ya ukaazi ni mojawapo ya taarifa hizo. Kwa Ulaya masharti yako wazi zaidi: jibu ni bure, na ofisi ina mwezi mmoja wa kujibu, ingawa inaweza kuongeza miwili kama jambo ni gumu, mradi ikuarifu. Uraia wako hauulizwi, wala mahali unapokaa sasa. Aliyekaa Ubelgiji aiandikie komine ya mwisho alikoishi. Kama hakuwahi kuandikishwa komine, aiandikie Ofisi ya Wageni ya Brussels, ambayo humfungulia kila mgeni faili lenye namba yake ya pekee. Aliyekaa Ufaransa aanze na prefekti iliyompa kadi.

Barua hiyo iwe fupi, lakini itaje yote. Majina matatu kama yalivyo katika vitambulisho vya Kongo, tena kwa kila mpangilio ambao karani wa ugenini angeweza kuyaandika, maana wengi wao hawajui jina lipi ni la ukoo na lipi ni la ubatizo. Aliyeishi nje enzi za Zaire akumbuke kwamba majina ya Kizungu yalipigwa marufuku mwaka 1972. Faili lake la wakati ule huenda halina Joséphine wala Emmanuel. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe ile iliyosajiliwa huko, hata kama si ya kweli: wakimbizi wengi waliandikwa tarehe 1 Januari kwa kuwa karani alihitaji kujaza nafasi. Ongeza mtaa ulioishi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na namba ya paspoti ya zamani kama ipo. Ambatanisha fotokopi ya kitambulisho cha sasa. Na lugha? Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini ukitaka barua isizunguke meza kwa meza ikitafuta msomaji, andika Kiingereza au Kifaransa.

Gharama ya njia hii ni kumlipa kijana wa kibanda cha fotokopi akuchapie na kukupigia skani, pamoja na mega za kutuma. Tazama tu mambo mawili. Barua ya umeme itumwe kutoka anwani yako, si yake, kwa sababu jibu litakuja na namba yako ndani. Na kabla hujatoka kibandani, hakikisha picha ya kitambulisho chako imefutwa kwenye kompyuta yake. Nimeona mashine za aina hii ambazo uso wake wote umejaa paspoti za watu.

Kwa aliyekuwa mkimbizi, bei ni rahisi kueleza: hakuna bei. Huduma za UNHCR ni bure, popote, na anayekutoza kwa jina lake anakuibia. Shirika hilo lina sera yake ya taarifa binafsi tangu 2015, inayompa mhusika haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yake. Uganda ina tatizo la ziada. Mwaka 2018, baada ya kelele kwamba hesabu za wakimbizi zimeongezwa, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wote upya kwa alama za vidole na macho. Aliyerudi Kalehe kabla ya hapo hakuhakikiwa. Aandike waziwazi katika barua yake kwamba aliondoka kabla ya uhakiki wa 2018, ili afisa aangalie mafaili ya zamani pia. Kumbuka vilevile kwamba namba ya UNHCR na namba ya kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na serikali ni vitu viwili; uliza zote kwa barua moja.

Waliokuwa Dubai wana bahati. Namba ya kitambulisho cha Emirates huanza na 784, ikifuatwa na mwaka wako wa kuzaliwa, na ile namba nyingine ya uhamiaji hutafutwa bure mtandaoni kwa namba ya paspoti. Dakika chache zinatosha. Usimlipe mtu.

Waliokuwa Kenya, kinyume chake, wasichelewe. Mwanafunzi au mfanyakazi aliyefunguliwa namba ya kodi ya KRA, ile inayoanza na A na kuishia na herufi nyingine, akaondoka bila kuifunga, anatarajiwa bado kupeleka maelezo ya mapato kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama mapato ni sifuri. Asipopeleka, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 za Kenya kwa kila mwaka. Cheti cha namba hiyo hutolewa bure. Kwa hiyo hapa bei inatokana na kungoja, na hupanda kila Julai.

Vipi kumtuma ndugu aliye huko? Ni njia nzuri ikiwa ndugu anaishi mji uleule na ana subira ya foleni. Atahitaji barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na mtu wa sheria hapa, tena iliyofika kwake ikiwa halisi, kwa kuwa ofisi nyingi hukataa picha ya simu. Hapo ndipo hela zinapoondoka: uthibitisho, kisha kuituma bahasha. Kwa Kigali unaweza kumpa msafiri unayemwamini. Kwa Brussels unalipia kampuni ya vifurushi, na hapo bei ya bahasha moja yaweza kupita gharama nyingine zote ukizijumlisha. Barua ya kudai taarifa haihitaji mwakilishi, ndiyo sababu ninaitanguliza.

Kusafiri mwenyewe ni njia ya mwisho, na kwa watu wengi ni kosa la hesabu. Tumrudie mama wa Nyabibwe. Akishuka Bukavu na kuvuka Ruzizi kwa jeto, kile kibali cha wavuka mpaka, atafika Kamembe na kurudi jioni. Jeto si karatasi ya kumfikisha Kigali, iliyo zaidi ya kilomita 200 mbele yake. Akihitaji paspoti, bei ilikuwa dola 185 hadi iliposhushwa kuwa 99 mwaka 2020, na 2025 Kinshasa ikatangaza mpya ya dola 75. Hata kwa bei hii ya chini, ametoa dola 75 kabla hajapanda gari, hajalala, hajala, na biashara yake sokoni imesimama siku zote hizo. Ongeza vizuizi vya barabarani, ambapo karatasi za nchi jirani ndani ya mkoba huzaa maswali yasiyo na majibu mafupi. Safari ina maana pale tu ofisi inapodai alama za vidole, au pale ambapo kuna vitu vitatu vinne vya kushughulikia kwa mkupuo.

Sasa makomisyoneri. Wako Bukavu, wako Goma, na siku hizi wako ndani ya simu. Siwapigi vita wote. Anayekuandikia barua nzuri ya Kifaransa anafanya kazi halali, mlipe. Anayejua anwani sahihi ya ofisi ana kitu cha kuuza, ingawa ungeweza kukipata mwenyewe. Lakini yule anayesema ana "mtu wake ndani", anayetaka dola zake mbele kwa M-Pesa au Airtel Money na kukuahidi namba kesho asubuhi, huyo anauza moja ya mambo mawili: namba iliyoibwa kutoka rejista, au namba aliyoibuni kitandani.

Na hapa mnunuzi ana silaha ambayo wengi hawaijui, kwa sababu namba hizi hazipangwi ovyo. Ya kitambulisho cha Rwanda ina tarakimu 16. Ya kwanza inaonyesha wewe ni nani: 1 ni raia, 2 ni mkimbizi, 3 ni mgeni mkaazi. Zinafuata nne za mwaka wako wa kuzaliwa, kisha 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Mama wetu, kama alizaliwa 1979, ajue hata kabla ya kuuliza kwamba namba yake inaanza 3 1979 7. Komisyoneri akimletea namba inayoanza na 1, amemletea namba ya raia wa Rwanda, mtu mwingine kabisa. Akiitumia kwenye fomu ya pensheni, mwenye kesi atakuwa yeye.

Ya Ubelgiji inajipima yenyewe. Ina tarakimu 11: sita za tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, tatu za mpangilio, zisizogawanyika kwa mbili kwa wanaume na zinazogawanyika kwa wanawake, kisha mbili za ukaguzi. Chukua zile tisa za mwanzo, gawanya kwa 97, toa baki kutoka 97, na jibu lazima lilingane na mbili za mwisho. Aliyezaliwa kuanzia 2000 aweke 2 mbele ya zile tisa kabla ya kugawanya. Faida yake si kumnasa mwongo tu. Kama una fotokopi iliyolowa na tarakimu moja imefutika, jaribu 0 hadi 9 kwenye kalkuleta ya simu: moja tu ndiyo itakayokubali. Umepata namba yako bila kumwandikia mtu. Na usishangae ukiona mwezi wa 43. Wale ambao hawakuwa katika rejista ya wakaazi hupewa namba iitwayo BIS, ambamo mwezi huongezwa 20 au 40, kwa hiyo Machi huwa 23 au 43. Nayo ni halali, na michango ya kazi iliyoandikwa juu yake ni yako.

Ningekuwa na sauti mbele ya paroko, mchungaji au mwenyekiti wa chama cha ushirika, Ihusi, Nyabibwe au Minova, ningemwomba kitu kimoja: mfano wa barua hii ya kudai taarifa, kwa Kifaransa na Kiingereza, ubandikwe ubaoni ofisini kwake, na kijana mmoja anayejua kuandika akae chini yake saa mbili kwa juma bila malipo. Ukurasa mmoja wa karatasi unatosha.